Kanda Iliyosafishwa

Humaidi bin Salmini alikuwa na ugonjwa wa kutoridhika, ugonjwa ambao hata waganga wa Unyanyembe hawana mizizi yake. Ukimpelekea redio yako iliyokufa, akaigusagusa ikaanza kusema, wewe unafurahi na kunyoosha mikono uichukue. Yeye anakwambia ngoja, bado inakoroma. Unangoja mpaka unachoka, unakwenda zako. Kesho ukirudi unaikuta imefunguliwa upya, matumbo yake yako mezani, na sasa haisemi wala haikoromi. Watu wa mtaa wake wa Ng'ambo walimvumilia kwa sababu hakuwa mwizi wa vipuri, na fundi asiyeiba vipuri katika Tabora ya miaka ile ungemtafuta kwa tochi.

Mkewe, Tufaha, alikuwa akimtania mbele ya shoga zake. "Huyu akijaaliwa pepo," alisema, "ataanza kwa kuuliza bisibisi iko wapi." Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka kwa maneno, lakini zaidi kwa sauti iliyoyasema, maana Tufaha alikuwa na sauti. Kwenye harusi za Kanyenye na Ng'ambo, akianza kuimba huko ndani kwa wanawake, wanaume waliokaa barazani walijifanya wanaendelea na habari za bei ya tumbaku, kumbe hakuna aliyemsikia mwenzake. Wazee wa ukoo wa Humaidi, watu wa asili ya Omani wanaotazama sana heshima ya nyumba, waliinamisha macho na kusikiliza kama wengine. Ilimradi haonekani, walisema moyoni, sauti si kosa.

Kisha shingo ya Tufaha ikavimba. Kwanza kidogo, akaificha kwa mtandio. Halafu rovu likakua, akawa anaamka amekabwa, anapumua kwa kukoroma. Daktari wa hospitali ya misheni, mbali na mji, alimpapasa shingo, akamwambia Humaidi ukweli bila kuupaka sukari. Rovu lazima likatwe. Nyuma yake unapita mshipa unaoendesha sauti, na huo atajitahidi kuukwepa, ila hawezi kuapa.

Humaidi alirudi nyumbani hana raha. Alikaa mbele ya meza yake ya kazi akatazama vinasa sauti vyake viwili, mali pekee aliyokuwa akijivunia duniani ukimtoa mkewe na binti yao Nunu, aliyekuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Kimoja kilikuwa kikubwa cha valvu, kizito kama jiwe la kusagia, baba yake alikinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kabla ya Uhuru. Hicho kilitoa sauti nene, yenye joto, ila kilikuwa na mvumo wake usiokwisha. Cha pili kilikuwa kidogo cha transista, kipya kipya, sauti yake safi lakini nyembamba, kama mtu anayezungumza na wakwe. Humaidi alikuwa akivilinganisha viwili hivyo kila siku ya Mungu. Wageni walikunywa kahawa yake wakalazimishwa kusikiliza kisomo kilekile mara mbili, halafu waseme kipi kizuri zaidi. Wengi walisema kile alichokitaka yeye, wakaongezewa kahawa.

"Nitainasa sauti yako kabla hujaenda," alimwambia Tufaha.

"Ninase basi," alisema mkewe. "Lakini nitafutie na mpigaji. Siwezi kuimba na ukuta."

Mpigaji alikuwepo. Masolwa, kijana wa Nzega aliyefanya kazi kwenye ghala la pamba, alipiga gita la kuazima kwa vidole ambavyo hakuna aliyevifundisha. Alifika mchana wa Jumapili na baiskeli, gita limefungwa mgongoni kwa kanga, akapiga hodi mlangoni, akasema "Mwangaluka" kwa lugha ya kwao na shikamoo kwa Kiswahili ili asipungukiwe. Akaelezwa shida. Akaitazama nyumba, ukumbi mrefu na mlango wa chumba cha kulala, akapata jibu hapohapo.

"Bwana Humaidi, mbona rahisi? Dada akae chumbani. Mimi nikae hapa ukumbini, hatuonani, heshima iko palepale. Chombo kiwe hapa kwenye kizingiti. Halafu mchanganyaji wetu ni mlango. Gita likizidi, mlango unausogeza kidogo kwangu. Sauti ya dada ikizidi, unausogeza kwake. Tunaimba mara moja, tunamaliza, tunakula."

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, Tufaha alisema, "Hayo ndiyo maneno."

Humaidi alikunja uso. Kwake yeye huo ulikuwa upishi wa msibani, kila kitu sufuria moja. Alikuwa na njia yake, ameifikiria miezi mingi, na sasa siku yake imefika. Sauti ya Tufaha inaswe peke yake kwanza, kwenye kinasa cha valvu, ndani ya chumba kilichozibwa kwa mablanketi, pasiwe na kitu kingine. Baadaye, kwa nafasi, kanda ile ichezwe kwenye spika, Masolwa apige gita juu yake, na kinasa cha transista kinase vyote viwili kwa pamoja. Gita likizidi, unarudia. Likipungua, unarudia. Sauti ya kwanza iko palepale, haidhuriki.

"Ukishachanganya kwa mlango," alisema, "umechanganya milele. Nani atakuja kutenganisha gita na sauti? Mimi nataka niwe na sauti peke yake mkononi, niitie chumvi ninavyotaka."

"Na kama chakula hakihitaji chumvi?" aliuliza Tufaha kutoka nyuma ya pazia.

Masolwa alitazama chini akatabasamu. Humaidi alikuwa ameshaanza kupigilia blanketi dirishani.

Basi Tufaha akaimba na ukuta. Humaidi alimketisha kitandani, akamwekea maikrofoni mbele kwenye kinu kilichopinduliwa, akaziba dirisha, akaziba uvungu wa mlango kwa shuka. Masolwa alipelekwa uani asikohoe. Chumba kiliwaka joto. Tufaha aliimba nyimbo za harusi mbili, zilizomtoka ngumu kidogo, kama mtu anayekaribisha wageni wasiofika. Ya tatu ilikuwa wimbo wake mwenyewe wa kumlaza Nunu, hauna jina wala mwisho. Huo aliuimba akiwa amefumba macho na kumsahau mume, maikrofoni na blanketi. Humaidi, amevaa visikilizio masikioni, alihisi nywele za mikono zinamsimama. Kisha nyuma ya nyumba jogoo wa jirani akawika. Aliwika mara moja tu, mbali, lakini visikilizio vilimleta mpaka kitandani.

"Turudie," alisema Humaidi.

Tufaha alishika shingo yake. "Imeniuma, Baba Nunu. Basi."

Alikwenda hospitali kesho yake. Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa mwembamba, rovu limeondoka, kovu limezunguka shingo mithili ya mkufu. Alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa analala. Daktari alikuwa amejitahidi kweli, na Humaidi alimshukuru Mungu kwa dhati. Sauti ndiyo haikurudi. Kilichorudi kilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake. Asubuhi, akiwa amepumzika, ungemsikia ukikaa naye mkeka mmoja. Kadiri siku ilivyokwenda ndivyo pumzi ile ilivyopungua, na ikifika alasiri alibaki kuonyesha kwa mikono: chumvi iko wapi, mtoto ana njaa, funga mlango. Alikuwa mtu wa kutania, na utani hauonyeshwi kwa mikono. Shoga zake walikuja, wakazungumza kwa sauti kubwa kama wanazungumza na kiziwi, wakaona aibu, wakapunguza kuja.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Nunu. Mtoto alizoea kulala kwa wimbo ule. Sasa mama alimwinamia na kumpulizia pumzi, naye akamtazama mdomoni, akangoja, akaona haitoki, akalia. Alilia kila mchana na kila jioni. Tufaha alimbembeleza kwa mikono, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka bila mlio.

Asubuhi moja alikuja kwenye meza ya Humaidi na kuketi karibu ili asikike.

"Niwekee ile kanda," alisema. "Ule wimbo wa Nunu. Alale."

Humaidi aliiweka. Sauti ikatoka kwenye spika, nene na yenye joto, ikajaa ukumbi mzima. Tufaha alishika ukingo wa meza. Nunu alinyamaza palepale, kidole mdomoni, akamlalia mama yake, na kabla wimbo haujafika katikati alikuwa amelala. Lilikuwa jambo la kumfanya mwanamume yeyote mwenye akili ashukuru na kunyamaza. Humaidi alisikia jogoo. Halafu akausikia mvumo, akausikia uzi wa koo ulipokauka kwenye ubeti wa pili, akarudisha kanda nyuma ausikie tena.

"Si hii," alisema. "Hii bado. Ngoja niichanganye na gita, jogoo atafunikwa. Halafu kanda ikichezwa sana inachakaa, Mama Nunu. Tusiimalize kabla haijawa tayari."

"Mimi naitaka hivihivi."

"Siku chache tu."

Tufaha alitaka kusema zaidi, ila alikuwa na mtoto wa kumlaza kitandani, na kusema kulikuwa kunamgharimu. Humaidi aliifungia kanda kabatini. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake, kwa kuwa mtu hugombana na ukatili lakini mapenzi utagombana nayo vipi?

Masolwa akaitwa. Jumapili baada ya Jumapili walikaa ukumbini, chombo cha valvu kikicheza, spika ikiimba, Masolwa akipiga, chombo cha transista kikinasa. Mchanganyo wa kwanza gita lilimeza sauti. Wa pili Masolwa alikaa mbali, karibu na mlango wa uani, na sauti ikatoka vizuri, lakini mvumo wa chombo cha kwanza ulikuwa umezaa na mvumo wa chombo cha pili, ukasikika kama maandazi yanakaangwa chumba cha jirani. Humaidi akapunguza ukali wa sauti, mvumo ukapungua, na Tufaha akapungua nao. Alisikika kama yuko nyumba ya pili. Wakarudia, akawa nyumba ya tatu. Kanda hazikuwa zikipatikana madukani, si Tabora si kwingineko, watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni, nani angeagiza kanda? Humaidi alikuwa na mbili tu: ile ya sauti peke yake, na moja ya kuchanganyia, aliyoifuta na kuinasa upya kila wiki.

Masolwa alivumilia sana. Mwisho akaweka gita chini.

"Bwana Humaidi, nikwambie kitu usikasirike. Gita langu linamfuata mtu ambaye hanisikii. Nikichelewa hanisubiri. Nikikosea hacheki. Siku ile tungeimba wote, mimi huku na yeye kule, angenivuta na mimi ningemvuta. Huo ndio mchanganyo wenyewe. Sasa mimi namkimbiza tu."

Humaidi alijua ni kweli. Aliijua kweli hiyo tumboni, akaiacha hukohuko tumboni, kwa maana angefanya nini nayo? Wa kuimba tena hakuwepo.

"Jumapili ijayo tutajaribu maikrofoni juu ya kabati," alisema.

Jumapili ijayo Masolwa hakuja. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na huko kwao Nzega mama yake alikuwa ameambiwa ahamie kijiji kipya cha ujamaa, mbali na shamba na mbali na kaburi la mumewe. Malori yalikuwa yameshaanza kubeba watu na kuku na milango. Masolwa aliomba ruhusa ghalani akajenge nyumba ya mama kabla ya mvua, na baadaye akaleta habari kwamba amepewa eka zake naye atabaki huko. Gita alilirudisha kwa mwenyewe. Humaidi alikaa ukumbini na vyombo vyake viwili, hana wa kupiga, na kabatini amefungiwa mtu.

Hapo ndipo aliposikia habari za Sylvester. Aliyezileta ni Majid, binamu yake Humaidi, mhudumu wa behewa kwenye treni ya Dar es Salaam, kijana mwema mwenye haraka na mdomo mwepesi. Sylvester alikuwa jamaa aliyekua na Majid hapo Tabora, sasa ni fundi mitambo kwenye studio ndogo huko Dar, inayonasa vipindi vya kilimo bora na elimu ya watu wazima.

"Kaka, wana mashine kubwa kama kabati la nguo," alisema Majid. "Vifundo vya kuzungusha vitupu! Kila sauti ina kifundo chake. Nasikia anaweza kumtoa mbu katikati ya hotuba."

Humaidi hakulala vizuri kwa furaha. Mtu anayeweza kumtoa mbu atashindwa na jogoo? Aliitoa kanda kabatini, akaifunga kwa kitambaa cha hariri cha mkewe, akampa Majid mkononi.

Tufaha alikuwa amesimama pale. Alitikisa kichwa. Alimshika Humaidi mkono wa kanzu, akainua kidole kimoja kuonyesha: ndiyo hii tu. Ilikuwa alasiri, hakuwa na neno lililobaki.

"Inarudi," alisema Humaidi. "Inarudi nzuri zaidi. Huyu ni Majid, si mtu baki."

"Kwa Mungu, shemeji, nitaibeba kama yai," alisema Majid. "Nimwambieje Sylvester?"

Hapa yafaa kueleza neno moja. Pale Kanyenye palikuwa na studio ya picha, na watu wote wa Tabora walipopeleka filamu yao hawakusema kitu kingine ila wanakwenda kuisafisha. Filamu isiyosafishwa ni giza tu. Ikisafishwa, sura zinatoka, bibi harusi anaonekana, mtoto anaonekana meno. Humaidi mwenyewe alikuwa akilitumia neno hilo miezi yote kwa kazi yake na kanda, na nyumbani kwake kila mtu alilielewa. Kuondoa sauti kwenye kanda ili uinase upya yeye alikuita kufuta.

"Mwambie anisafishie," alisema. "Aisafishe vizuri kabisa. Asiharakishe."

"Aisafishe," alirudia Majid, kama mtu anayeweka funguo mfukoni, akakimbilia stesheni.

Siku zilizofuata Humaidi alikuwa mtu mwingine. Alizibua bomba la uani lililoziba tangu mfungo uliopita. Alimbeba Nunu mgongoni akimwambia mama anakuja, mama yuko kwenye treni, na mtoto akawa anakwenda mlangoni kutazama wakati mama yake yuko jikoni anapepeta mchele. Tufaha aliliona hilo. Aliweka ungo chini, kisha akauinua, akaendelea kupepeta.

Kisha Humaidi akafanya maandalizi. Akaichukua ile kanda ya pili, yenye mchanganyo wa mwisho aliokuwa ameufanya na Masolwa, ule ambao Tufaha alisikika nyumba ya tatu. Alijua kwamba sauti safi ikirudi atahitaji kanda tupu ya kuihamishia, awe na akiba. Aliusikiliza mchanganyo ule mara ya mwisho, akaudharau, akaufuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa akipiga mluzi.

Majid alirudi na treni ya asubuhi, lakini alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri, maana alipitia kwao kuoga. Aliingia akitabasamu, kitambaa cha hariri mkononi.

"Shikamoo kaka. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Vipi?"

"Salama usalimini! Sylvester anakusalimu sana, anakukumbuka ulivyomtengenezea redio ya baba yake. Hakutaka hata cha soda. Kaisafisha mbele yangu."

"Mbele yako? Haraka hivyo?"

"Dakika tu! Wana chuma fulani hivi, anakipitisha. Akaniuliza, pande zote? Nikamwambia pande zote, kaka kasema vizuri kabisa. Sasa anasema haina hata chembe. Ni kama mpya."

Humaidi alisikia "haina hata chembe" na moyo ukamruka kwa furaha. Sekunde ile ile mikono yake, iliyojua kazi kuliko alivyojua yeye, ilianza kupoa. Chuma gani kinapitishwa? Alikifahamu chuma hicho, sumaku ya kufutia kanda; kwa fundi wa studio, kusafisha kanda ni kuifuta. Alikuwa na kidogo chake mwenyewe ndani ya droo. Alimwona Tufaha amekaa kwenye mkeka, amemweka Nunu mapajani, amevaa kanga mpya na kujipaka wanja, amekuja kujisikiliza.

Aliiweka kanda kwenye chombo cha valvu. Aliingiza ncha yake, akaivuta, akaizungusha kidogo kwa kidole. Akawasha. Magurudumu yakazunguka.

Majid alitabasamu akiwatazama wote. Nunu alitoa kidole mdomoni.

Hakukuwa na kitu. Jogoo hakuwepo. Uzi wa koo haukuwepo. Hata ile sauti ya kitanda kulalamika Tufaha alipokaa, ambayo Humaidi aliichukia miezi yote, haikuwepo.

"Labda ni mwanzoni," alisema Humaidi.

Akaisogeza mbele. Akangoja. Akaisogeza tena. Akageuza upande wa pili. Majid aliacha kutabasamu, akauliza kwa sauti ndogo kama amekosea kitu. Humaidi akaongeza sauti. Spika ikaanza kuvuma. Akaongeza tena, akijua, akijua kabisa kwamba huwezi kukuza kitu kisichokuwepo, lakini mkono haukusikia. Labda chuma hakikupita vizuri mahali fulani. Labda pamebaki kivuli cha neno moja. Alikizungusha kifundo mpaka kikagota, na chombo kikanguruma chenyewe, mvumo wake mtupu wa miaka yote, mpaka vikombe vikacheza kwenye sinia. Nunu akaziba masikio. Humaidi aliinamisha sikio kwenye spika, macho amefumba, uso umejaa jasho, akiitafuta sauti ya mkewe ndani ya kelele kama mtu anayetafuta pete kwenye pumba.

Alipofumbua macho alimwona Tufaha anamtazama. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anasema kitu, tena anakisema kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama pande zote mbili za kovu, mkono mmoja umenyooshwa kwake.

Humaidi alipapasa kifundo. Kwanza alikizungusha kulikosiko. Kisha akazima. Kimya kilipoingia, midomo ya Tufaha ilikuwa imeshafunga.

"Umesema nini?" aliuliza. "Mama Nunu, umesema nini? Rudia."

Tufaha aligusa koo kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Kwa leo maneno yalikuwa yamekwisha. Alimnyanyua Nunu aliyekuwa analia, akamweka begani, akatoka naye uani.

Humaidi alimfuata mpaka mlangoni, akasimama. Hakujua aingie aombe msamaha au arudi akamfariji Majid, ambaye sasa alikuwa ameelewa na ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama tu kwenye kizingiti mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi, Tufaha alipoamka na pumzi yake imerudi kidogo, Humaidi alikuwa ameketi karibu yake muda mrefu, akingoja. Alimuuliza tena, jana alisema nini.

Tufaha alimtazama. Alifikiri kidogo kama anakumbuka.

"Nilikuwa nakuita," alisema.